Kurekodi na kuhariri video za gemu ukiwa Kigoma: simu, laptopu au PlayStation?

Anayetaka kuweka mechi zake za eFootball au Free Fire mtandaoni huanza kwa kuuliza kifaa gani kinatoa picha kali. Swali hilo lina nafasi yake, ila lisitangulie. Video nyingi za gemu huharibikia kwenye sauti na kwenye faili: sauti ya gemu haikuingia kabisa, au umeme umekatika na mechi ya nusu saa imebaki faili lisilofunguka. Kwa sababu hiyo kila njia hapa chini inapimwa kwa maswali matatu, kwa mpangilio huu: sauti inaingiaje, faili linabaki zima kifaa kikizimika ghafla, na linakula giga ngapi kabla halijafika YouTube.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua bando lako. Uzito wa video hautokani moja kwa moja na ukubwa wa picha, yaani 720p au 1080p. Unatokana na bitireti, yaani kiasi cha data kinachoandikwa kila sekunde. Kila megabiti 1 kwa sekunde ni MB 7.5 kwa dakika. YouTube inapendekeza megabiti 5 kwa 720p yenye fremu 30 (picha 30 kwa sekunde), megabiti 7.5 kwa 720p yenye fremu 60, megabiti 8 kwa 1080p yenye fremu 30 na megabiti 12 kwa 1080p yenye fremu 60. Mechi ya dakika 15 kwa megabiti 8 ina MB 900. Kwa megabiti 5 ina kama MB 560. Mtandao wako ukipandisha megabiti 2 kwa sekunde, faili la kwanza linachukua saa nzima kupanda na la pili dakika 37 hivi. Watazamaji wako wengi wako kwenye simu na bando kama wewe, kwa hiyo 720p si aibu. Gemu yenye maandishi madogo na ramani ya pembeni, kama PUBG Mobile, ndiyo inayonufaika kweli na 1080p.

Simu: kirekodi chake au programu ya kupakua?

Simu nyingi zenye Android 11 kwenda juu zina kirekodi cha skrini ndani yake. Vuta menyu ya juu mara mbili, tafuta alama ya kurekodi skrini, na kabla ya kubonyeza kuanza angalia chaguo la sauti: maiki peke yake, sauti ya kifaa peke yake, au vyote viwili. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukiacha maiki peke yake, sauti ya gemu inatoka kwenye spika, inazunguka chumbani na kurudi kwenye maiki pamoja na feni, jogoo na bodaboda inayopita nje. Ukivaa hedifoni huku umeacha maiki peke yake, gemu haitasikika hata kidogo.

Programu za kupakua kama XRecorder na AZ Screen Recorder zinakupa kitu ambacho kirekodi cha simu mara nyingi hakikupi: unachagua mwenyewe bitireti, fremu na ukubwa wa picha. Kwa simu ya RAM ya giga 3 weka 720p, fremu 30 na megabiti 5 au 6. Funga pia mwelekeo wa picha uwe wa kulala, la sivyo video inaweza kuanza ikiwa wima na gemu ikabanwa katikati. Gharama yake ni matangazo, na pia mzigo wa programu ya pili inayogombania RAM na gemu. Simu ikielemewa, mfumo wa kubana betri huiua programu ya kurekodi kimyakimya, nawe unagundua mechi ikiwa imeisha. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya betri na kuiruhusu programu hiyo ifanye kazi nyuma bila kizuizi.

Kwenye Android 9 kushuka chini hakuna njia ya kawaida ya kunasa sauti ya ndani. Ruhusa hiyo ilikuja na Android 10, mwaka 2019, na hata hapo gemu yenyewe inaweza kukataa sauti yake isinaswe. Kwa hiyo mwenye simu ya zamani asipoteze muda kujaribu programu kumi zinazoahidi miujiza. Arekodi picha, kisha aingize sauti yake baadaye wakati wa kuhariri. iPhone ina kirekodi tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Maiki huwashwa kwa kubonyeza na kushikilia alama ya kurekodi.

Kosa jingine la sauti linawapata wanaocheza kwa timu. Ukiwasha maiki ya ndani ya gemu ili uongee na wenzako, gemu inaichukua maiki, na kirekodi kinaandika ukimya mahali pa sauti yako. Chagua moja: zungumza na timu, au zungumza na watazamaji. Hedifoni za bluetooth nazo zina shida mbili. Sauti inachelewa, na maiki yake ikiwashwa, hedifoni zinahamia hali ya kupigia simu, kila kitu kikasikika kama kinatoka kwenye kopo. Hedifoni za waya za bei ya chini zinazouzwa kwenye maduka ya simu ya Mwanga zinazishinda za bluetooth kwa kazi hii.

Faili je? Simu huandika MP4, na MP4 ya kawaida huandikiwa orodha ya yaliyomo mwishoni, wakati unapobonyeza kusimamisha. Chaji ikiisha kabla ya hapo, picha zipo ila faili halisomeki. Usianze ukiwa na chaji chini ya asilimia 30, na rekodi mechi mojamoja badala ya kuacha saa nzima ijae kwenye faili moja. Kucheza huku unachaji kunaiongezea simu joto, na simu ikipata moto hujipunguzia kasi, fremu zinaanza kuruka. Vua kava, shusha ubora wa picha ndani ya gemu ngazi moja, na chaji kabla ya kucheza.

Kwenye memori kadi kuna mitego miwili. Kadi za giga 32 kushuka chini kwa kawaida ziko kwenye muundo wa FAT32, usiokubali faili moja kuzidi giga 4. Kwa megabiti 16 hiyo ni kama dakika 34 tu. Na kadi bandia zinazojitangaza kuwa na giga 128 huku zina 8 zipo sokoni. Zinapokea mafaili bila kulalamika, kisha yanatoka yameharibika. Ipime kadi mpya kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini.

Jambo la mwisho kuhusu simu, na tunalisisitiza kwa dhati: washa hali ya usinisumbue kabla ya kurekodi. Ujumbe wa M-Pesa ukidondoka juu ya skrini katikati ya mechi, salio lako, jina la aliyekutumia na namba yake vyote vinaingia kwenye video ya hadharani.

Njia ya katikati: simu na laptopu kwa waya mmoja

Mwenye simu iliyojaa na laptopu dhaifu asiidharau scrcpy. Ni programu ya bure inayoonyesha skrini ya Android kwenye kompyuta kupitia waya wa USB na kuirekodi hukohuko. Toleo la 2.0 la mwaka 2023 liliongeza sauti, kwa simu za Android 11 kwenda juu. Fungua mipangilio ya watengenezaji kwenye simu, washa utatuzi wa USB, chomeka waya, kisha andika:

scrcpy --max-size=1280 --video-bit-rate=8M --record=mechi.mkv

Faili linakwenda kwenye diski ya laptopu, simu inabaki na nafasi yake. Tena liko kwenye MKV, muundo unaobaki unasomeka hata kazi ikikatika katikati. Ukilinganisha na programu za kurekodi za simuni, hapa hakuna tangazo wala nembo. Udhaifu wake ni kwamba sauti inahamia kwenye laptopu, kwa hiyo hedifoni unachomeka huko, na inaweza kuchelewa kidogo. Waya mbovu pia unaikata rekodi. Tumia uliokuja na simu.

Laptopu: Game Bar, OBS, au kirekodi cha kadi ya michoro

Game Bar ni kirekodi kilichomo ndani ya Windows 10 na 11. Kitufe cha Windows pamoja na G kinaifungua. Windows, Alt na R vinaanza na kusimamisha. Haina cha kupanga, na hiyo ndiyo nguvu yake. Inarekodi dirisha la gemu moja tu, haiwezi kurekodi eneo-kazi, na inaweka sauti yako na ya gemu kwenye mkondo mmoja. Ukigundua baadaye kwamba gemu imekumeza sauti, huna la kufanya.

OBS Studio, programu ya kurekodi ya kompyuta, inahitaji nusu saa ya kuipanga, kisha inakulipa kila siku. Kwanza, muundo wa faili: MKV, si MP4 ya kawaida. Kigoma imetoka mbali na enzi za jenereta za dizeli, mkoa ulianza kuingia kwenye gridi ya taifa mwaka 2022, lakini umeme bado hukatika, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) huzimika papo hapo. MKV unabaki na kila kitu hadi sekunde chache za mwisho. Ukimaliza, fungua menyu ya File na uchague Remux Recordings. Unapata MP4 kwa muda mfupi bila ubora kupungua, kwa kuwa picha haibanwi upya. OBS kuanzia toleo la 30.2, la mwaka 2024, ina pia MP4 ya mseto inayostahimili kukatika.

Pili, nani anabana picha. Ukiiacha OBS kwenye chaguo la x264, kazi yote inaiangukia prosesa, na kwenye laptopu ya i3 au i5 ya zamani gemu itaganda. Chagua QuickSync kwa Intel, NVENC kwa NVIDIA, au kibanaji cha AMD. Weka 1280 kwa 720, fremu 30. Tatu, mikondo ya sauti: mkondo wa 1 uwe mchanganyiko, wa 2 gemu peke yake, wa 3 maiki peke yake. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuichagua OBS badala ya Game Bar. Wimbo wa Bongo Fleva ukiingia kupitia redio ya jirani na YouTube ikaudai kwa hakimiliki, unaweza kunyamazisha maiki kwa sekunde hizo huku gemu ikiendelea kusikika.

Tatizo la OBS linalokatisha wengi tamaa ni skrini nyeusi kwenye laptopu zenye kadi mbili za michoro. Gemu iko kwenye kadi moja, OBS kwenye nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya michoro ya Windows, iongeze OBS kwenye orodha, kisha: ukinasa gemu moja kwa moja, ipe OBS kadi ile ile yenye nguvu inayotumiwa na gemu. Ukinasa skrini nzima, ipe ile ya kubana matumizi. Funga OBS na uifungue upya.

Mwenye kadi ya NVIDIA ana njia ya tatu: Alt na F9 kurekodi, Alt na F10 kuhifadhi dakika chache zilizopita. Kwa anayetaka magoli na vipande vya kushtua tu, hii inaishinda OBS, kwa sababu hulazimiki kurekodi saa mbili ndipo utafute goli moja. Hakikisha tu umewasha kutenganisha sauti kwenye mipangilio yake.

PlayStation, nyumbani au kwenye kibanda cha gemu

PS4 inajirekodi yenyewe. Inashikilia dakika 15 zilizopita wakati wote, na unaweza kuongeza hadi 60. Bonyeza kitufe cha Share, kisha pembe nne, na kipande kimehifadhiwa. Ukibonyeza Share mara mbili haraka unaanza kipande kipya, na zile dakika 15 zinafutika. Wengi wamepoteza goli kwa namna hii. PS4 ya kawaida inatoa 720p kwa fremu 30. Maiki haiingii mpaka uiruhusu kwenye mipangilio ya Share. Video unazitoa kwa fleshi ya FAT32 au exFAT.

Kadi ya kunasa HDMI, ile ndogo ya USB inayoingiza picha ya PlayStation kwenye kompyuta, inafaa ukitaka kurekodi mashindano marefu ya kibandani huku OBS ikiongeza majina na matokeo. Soma maandishi ya boksi kwa makini: za bei ya chini hujiita 4K, lakini 4K ni kile inachokipokea. Nyingi zinatoa 1080p kwa fremu 30. Kwenye PS4 zima kwanza HDCP (kinga ya kuzuia kunakili) katika mipangilio ya mfumo, la sivyo utaona weusi. PS3 haina swichi hiyo kwa HDMI, kwa hiyo usinunue kadi kwa ajili yake. PS2, ambayo bado inalisha vibanda vingi, inatoka kwa waya za AV za rangi tatu na inahitaji kinasio cha AV, tofauti na cha HDMI.

Kupiga TV kwa simu nyingine ni njia dhaifu kuliko zote, ila ndiyo iliyopo kwa wengi. Inaboreka sana ukifanya haya: simu ikae kwenye kitu kisichotikisika, taa ya chumbani izimwe, kamera iwe kwenye hali ya kitaalamu (Pro), kasi ya shata 1/60 kwa PS4 na PS3 au 1/50 kwa PS2 ya PAL (mfumo wa TV wa picha 50 kwa sekunde), na fokasi ifungwe. Mistari inayotembea kwenye picha inatokana na shata kutolingana na mwendo wa TV.

Kuhariri: simuni au kwenye kompyuta?

Kwa video ya chini ya dakika tano, simu inatosha. Programu ya VN haiweki nembo yake kwenye video. InShot ya bure inaweka, na unaweza kuiondoa kwa kutazama tangazo. KineMaster ina tabaka nyingi, lakini nembo inabaki mpaka ulipie. CapCut ina maandishi na vionjo vingi kuliko zote, ila vingi sasa viko nyuma ya malipo, na mara nyingine unagundua hilo ukiwa tayari kutoa video. Kagua alama ya kulipia kwenye kila kionjo kabla ya kukijenga ndani ya kazi yako. Kama huna uhakika uchague ipi, anza na VN.

Kwenye kompyuta, Shotcut na Kdenlive ni za bure kabisa na zinafanya kazi kwenye RAM ya giga 8 ukiwasha proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria. DaVinci Resolve ya bure ni bora kwa rangi na sauti, lakini inataka RAM ya giga 16 na kadi ya michoro ya maana. Kwenye laptopu ya kawaida itakutesa tu.

Sasa tatizo linalowapata karibu wote wanaorekodi kwa simu na kuhariri kwa kompyuta. Simu hairekodi fremu 30 kamili kila sekunde. Skrini isipobadilika inapunguza, na ikielemewa inapunguza tena. Programu za kuhariria simuni hulivumilia hilo. Nyingi za kompyuta hudhani mwendo ni mmoja tangu mwanzo, na kufikia dakika ya nane mpira umeshaingia wavuni, shangwe inakuja baadaye. Kusogeza sauti kwa mkono hakusaidii, kwa sababu pengo linaendelea kukua. Pitisha faili kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadili mafaili ya video: H.264, ubora RF 20, fremu 30, na chaguo la Constant Framerate. Shotcut yenyewe inakuonya unapofungua faili la namna hiyo na kukuomba ilibadilishe, kubali.

Usihamishe video kutoka simu kwenda kompyuta kwa WhatsApp kama video ya kawaida, maana inabanwa na ubora haurudi. Tumia waya, au itume kama hati, ambayo inakubali hadi giga 2.

Umbo la picha nalo lipangwe mapema. Skrini za simu nyingi sasa ni 20 kwa 9, huku video ya YouTube ni 16 kwa 9. Ukiiacha ilivyo unapata mistari myeusi juu na chini. Ukiikuza kwa asilimia 125 inajaa, lakini asilimia 10 ya kila upande inakatwa, na hapo ndipo ramani na matokeo yanapokaa. Kwa mpira, afadhali mistari myeusi. Kwa video ya wima ya Shorts au TikTok, ukijaza skrini unabaki na chini ya theluthi moja ya upana wa uwanja, kwa hiyo lazima usogeze picha ifuate mpira, sekunde baada ya sekunde. Ni kazi ngumu. Fanya hivyo kwa goli moja la sekunde 20, si kwa mechi.

Sauti yako ifike kilele cha desibeli -6 hivi, na gemu ishushwe karibu na -18 unapoongea. Toa faili la mwisho mara moja tu, kutoka kwenye rekodi ya asili. Video iliyotolewa CapCut, ikaingizwa InShot, ikatolewa tena, imebanwa mara mbili, na nyasi za uwanja zinageuka tope la kijani.

Akaunti ya YouTube isiyothibitishwa kwa namba ya simu inakomea dakika 15 kwa video, kwa hiyo ithibitishe kabla hujakesha na bando la usiku. Na ukipakia kwa kompyuta mtandao ukakatika, usilifute faili wala kulibadili jina: chagua lile lile ndani ya saa 24 na litaendelea pale lilipoishia.